Namna ya Kutunga Shairi Uzeeni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka miaka 60 ambaye bado anatunga mashairi, au aliyeyaacha zamani kwa sababu ya kazi na malezi na sasa anatamani kuyarudia. Mimi mwenyewe nina miaka 74, na nimekuwa nikitunga tangu nilipokuwa na miaka 19, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni mambo niliyoyajaribu kwa mkono wangu. Mengine yalinifaa na mengine yalinitia aibu mbele ya wasomaji. Ninalotaka kulitetea ni jambo moja, nalo ni kwamba uzeeni shairi lianzie kwenye kitu kidogo ulichokigusa leo, wala lisianzie kwenye uzee wenyewe. Yote nitakayoyasema kuhusu vina (silabi za mwisho zinazofanana), mizani (hesabu ya silabi), maneno yanayopotea na macho yanayofifia yanaitumikia kanuni hiyo.

Ubeti ambao sote tumewahi kuuandika

Nianze na kosa, maana ni langu. Nilipostaafu, ubeti wa kwanza nilioutunga ulikuwa huu:

Ujana u safarini, na uzee umefika,
Nguvu hazimo mwilini, na macho nayo yachoka,
Vijana zingatieni, siku zenu zatoweka,
Hapa tupo duniani, kesho sote twaondoka.

Ukiupima kwa kanuni, hauna dosari. Ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16: ukwapi, yaani kipande cha kwanza, 8, na utao, kipande cha pili, 8. Kina cha kati ni -ni na kina cha mwisho ni -ka, na hakuna mahali vilipoteleza. Hata hivyo ubeti huu haufai. Ungeweza kuandikwa na kijana wa miaka 20 anayejifanya mzee, kwa kuwa hauna kitu hata kimoja ambacho mtu angeweza kukishika mkononi. Nguvu, macho, siku na dunia vimetajwa kwa majina tu, vikapita kama wageni wasiokaribishwa kuketi. Kina cha -ni nacho nakiita kina cha mvivu, kwa sababu kila jina linalotiwa kiambishi cha mahali na kila amri ya wengi huishia hapo, na mtunzi anayekitegemea hupewa na lugha neno la kwanza lililo karibu badala ya neno alilolitafuta. Isitoshe, mshororo wa tatu unawaamrisha vijana wazingatie, na katika miaka yangu yote sijamwona kijana aliyezingatia jambo kwa kuwa ameamrishwa na mshororo wa tatu.

Msomaji atanijibu kwamba fasihi yetu imejaa wasia, na kwamba wazee ndio wenye haki ya kuusia. Ni kweli. Mwana Kupona alitunga utendi wake wa wasia kwa binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na watu wanausoma hadi leo. Lakini tazama anavyoanza. Kabla ya kufika kwenye nasaha anamwambia bintiye asogee karibu, anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamtaka aje kuketi akiwa na wino na karatasi. Tunamwona mama, tunamwona binti, tunaiona karatasi, na wasia unakuja baada ya sisi wenyewe kukaa kando ya kitanda. Hata aliyekuwa na haki zote za kuusia alianza na vitu vilivyokuwa chumbani.

Kukipata kitu cha siku

Weka daftari la pekee, lisilo daftari la mashairi, na kila jioni andika humo vitu vitatu ulivyovigusa siku hiyo. Sisemi mambo uliyoyawaza, wala habari ulizozisikia. Andika kitu, kitenzi na mahali: kizibo cha chupa ya dawa kiligoma kufunguka; ngazi ya tatu kutoka chini ililia nilipoikanyaga; kifungo cha pili cha shati la bluu kiling'oka kikaingia chini ya kiti. Usipambe. Kazi hii haizidi dakika tano, na siku nyingi itaonekana ya kipuuzi. Baada ya wiki mbili soma ulichoandika, ukatafute pale mkono ulipofanya jambo ambalo zamani haukulifanya, au uliposhindwa jambo ambalo zamani ulilifanya bila kufikiri. Hapo ndipo uzee ulipo, na haukuhitaji kutajwa.

Wazee wenzangu hulalamika kwamba siku zao hazina matukio, na kwamba walipokuwa kazini walikuwa na mengi ya kutungia. Mimi naliona jambo hili kinyume. Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini aliyeona mengi kwa haraka hakuyaona vizuri, na nilipokuwa na kazi nilifunga vifungo vya shati huku nikitafuta funguo na kumjibu mtu aliyekuwa chumba cha pili. Sasa kifungo kimoja huchukua muda wake, na ndani ya muda huo kina umbo, kina baridi, kina matundu manne ambayo mawili yamechakaa kuliko mengine.

Ukishakichagua kitu, kirudie kwa makusudi. Kama ni kizibo, kifungue tena polepole. Kama ni ngazi, ipande ukiwa umeinyamazia. Mimi nilichagua kifungo cha shati la bluu. Kazi ya kushona vifungo ilikuwa ya mikono mingine kwa miaka 41, na kwa miezi kadhaa baada ya kubaki peke yangu nilikuwa nikivaa mashati yasiyokuwa na kasoro na kuyaacha mengine kabatini. Siku moja nikachukua sindano. Nilikaa dirishani nikajaribu kuutia uzi, na uzi ukapita kushoto mwa tundu, kisha kulia, kisha ukaonekana umepita kumbe umepita nyuma. Lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu mapema, na kuanzia miaka ya arobaini hivi watu wengi huona kwamba vitu vya karibu vimeanza kuwakimbia. Lakini kujua sababu hakuutii uzi kwenye sindano. Niliulowesha ncha, nikaukata upya kwa mkasi, nikauvuta kati ya meno ili unyooke. Nilikaa pale kwa zaidi ya nusu saa. Niliposimama sikuwa nimeshona kitu, ila nilikuwa na shairi.

Neno likikukimbia

Jioni ile nilipoanza kuandika, neno tundu lilipotea. Nililiona kama mtu unayemjua sura usiyemkumbuka jina. Nikapata shimo, nikapata tobo, nikapata hata ufa, na yote niliyajua kuwa si yenyewe. Shimo huchimbwa ardhini, tobo hutokea mahali palipochakaa au palipotobolewa, ufa ni wa ukuta. Sindano ina tundu. Makosa ya mtunzi mzee hapa ni mawili: kulifukuza neno mpaka jioni iharibike, au kuridhika na la karibu kwa hofu kwamba la kweli halitarudi.

Fanya hivi. Acha nafasi katika mshororo, na ndani ya nafasi hiyo tia vistari kwa idadi ya mizani unazohitaji. Mimi niliandika «— — dogo la sindano», vistari viwili, kwa kuwa nilijua neno lina silabi mbili hata kabla halijarudi. Kisha endelea na mshororo wa pili. Mara nyingi neno hurudi ukiwa unafanya jambo jingine, na langu lilirudi nikiwa navua viatu. Likikataa kabisa, lizungukie kwa ngeli yake: jiambie kile kitu, lile, ule, zile, na mara kwa mara kiambishi humvuta mwenzake. Majina ya watu na ya mahali ndiyo hupotea upesi zaidi kuliko maneno ya kawaida, kwa hiyo usiyategemee katika kina. Jina likipotea baada ya ubeti kukamilika, ubeti wote hubomoka.

Kwa upande mwingine, jua kwamba una akiba. Msamiati wa mtu aliyesoma na kusikiliza kwa maisha yake yote huendelea kukua kwa muda mrefu hata pale wepesi wa kumbukumbu unapopungua. Mlango ndio mgumu, ghala limejaa. Kwa sababu hiyo naliona daftari la vina kuwa chombo cha lazima kwa mzee. Gawa kurasa kwa miishio, -no, -zi, -mbe, -kwa, na kila unapokutana na neno zuri lipeleke kwenye ukurasa wake. Ukurasa wangu wa -no una mkono, meno, neno, mfano, ndoano, sindano, mno, na mengine zaidi ya mia moja yaliyokusanywa kwa miaka.

Vidole vinane

Wazee wengi huamka kabla ya alfajiri na usingizi haurudi. Usiwashe taa. Saa hiyo ndiyo ya kutunga, na chombo chake ni mikono yako miwili. Kunja vidole gumba viviweke kando, utabakiwa na vidole vinane, navyo ni mizani 8 za ukwapi. Ukirudi tena kidole cha kwanza unaanza utao. Kila silabi ipe kidole chake. Kumbuka kwamba m na n zinazotamkwa peke yake huhesabiwa, kwa hiyo mtu ni mizani mbili, mno ni mizani mbili, nchi ni mizani mbili. Lakini katika mbele na mwanga herufi za mwanzo zimeshikana na irabu inayofuata, hivyo kila moja ni mizani mbili tu. Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizofuatana, kama daftari, yatamke kwa sauti, uamue utayahesabu vipi, kisha ushike uamuzi huo shairi zima.

Ubeti wa tarbia una mizani 64, na kichwa cha mzee kinaweza kuzibeba hadi kuche kwa msaada wa vina. Hii ndiyo sababu yangu ya kubaki na vina na mizani, na ningependa niieleze bila ugomvi. Nilikuwa kijana katika miaka ya 1970, wakati mabishano kati ya washairi wa mapokeo na wale wa mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, yalipopamba moto, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, na wakati huo nilisimama upande wa mapokeo kwa hasira ambayo leo naiona haikuwa na maana. Shairi huru ni shairi. Ila shairi huru linahitaji karatasi mapema, kwa sababu hakuna kinachokuonya ukipoteza neno, ilhali mshororo wenye kina na mizani ukipoteza silabi moja unakiacha kidole cha nane kimesimama na unajua papo hapo. Anayetunga gizani anahitaji kamba ya kushika. Kwa shairi refu napendekeza utenzi, wenye vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachoendelea hadi mwisho. Au pindu, ambamo maneno yanayomaliza ubeti ndiyo yanayoanza ubeti unaofuata, kwa hiyo ukiukumbuka mmoja umeshika ncha ya wa pili.

Mizani ina faida nyingine ambayo sikuijua nilipokuwa kijana: inakurudisha kwenye kitu ukakitazame tena. Mshororo wangu wa pili ulianza «Naung'ata kwa meno». Nikahesabu, nikapata 7. Kidole cha nane kikabaki kimesimama. Nilijaribiwa kuujazia kwa neno basi, au sana, au mimi, maneno ambayo watunzi huyaweka kama mawe ya kuegemeza meza mbovu. Badala yake nilichukua uzi tena, nikautia mdomoni, nikaona kwamba kumbe sikuwa naung'ata hata kidogo. Nilikuwa nauvuta kati ya meno ili unyooke. «Naunyoosha kwa meno»: mizani 8, na ndiyo kweli. Upungufu wa hesabu ulikuwa umeficha upungufu wa kutazama.

Ubeti ulipokamilika ulikuwa hivi:

Tundu dogo la sindano, lanikataa na uzi,
Naunyoosha kwa meno, wapinda kama mzizi,
Watetemeka mkono, mwanga u mbele u wazi,
Kifungo changoja mno, nami sijaanza kazi.

Sidai kwamba ni ubeti mkubwa. Nadai kwamba ni wangu, na kwamba nisingeweza kuutunga nikiwa na miaka 20, kwa kuwa wakati huo uzi ulikuwa ukipita mara ya kwanza. Neno uzee halimo. Aliyenitangulia kaburini hayumo pia, ila kila aliyeusoma aliuliza ni nani aliyekuwa akishona zamani.

Lugha ya kutungia

Mtunzi akizeeka hushikwa na tamaa ya kuvaa maneno ya kale. Anaandika mato badala ya macho, nti badala ya nchi, ndia badala ya njia, akiamini kwamba ubeti umepata heshima. Ikiwa hiyo ndiyo lahaja uliyonyonya, endelea, na yeyote asikuzuie. Ikiwa umeyaokota katika tenzi za zamani na hujawahi kuyatamka ukiwa na kiu au hasira, yaache huko, kwa maana yatakaa katika ubeti wako kama kanzu ya kuazima. Kipimo changu ni kumsomea ubeti mtu wa nyumbani na kuutazama uso wake kwenye neno hilo. Akikunja uso kidogo, neno limemwambia kwamba mtunzi anajionyesha.

Tahadhari hiyo hiyo iende kwenye uhuru wa kishairi. Inkisari hufupisha neno, mazida hulirefusha, tabdila hubadilisha herufi ili kina kitimie, na kuboronga sarufi hupindua mpangilio wa maneno. Vyote ni halali, na Sheikh Amri Abedi, aliyezieleza sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alilelewa katika mapokeo hayo. Lakini uhuru huo ni akiba ya dharura. Mzee aliyezoea huutumia kwa uvivu, kwa sababu anajua kwamba wasomaji watamsamehe kwa ajili ya mvi zake. Nimejiwekea mpaka: inkisari moja katika ubeti, tabdila moja katika shairi zima, na nikizidisha narudi nyuma kuutafuta mshororo mwingine.

Kuhusu maneno mapya, usiwe mlinzi wa lango. Simu, intaneti, programu na ujumbe ni vitu vilivyomo katika siku yako, na ukishika simu mara kumi kwa siku halafu shairi lako lote likawa la taa ya koroboi, umedanganya. Kishikwambi, yaani tableti, ni neno lililotungwa vizuri na linaimbika. Nimeona wazee wenzangu wakizitumia beti nzima kuwalaumu vijana kwa namna wanavyofupisha maneno kwenye simu, ilhali sisi tumeyafupisha maneno kwa karne nyingi tukaiita inkisari.

Masikio, pumzi na msomaji wa kwanza

Masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na miongoni mwa sauti hizo zimo s, f, sh na th. Irabu hubaki nzito na kusikika. Kwa mtunzi wa Kiswahili jambo hili lina hatari yake: utasikia -sa na -fa kana kwamba ni kina kimoja, kwa kuwa sikio lako linaipata irabu na kuibahatisha konsonanti. Nilipeleka shairi lenye beti saba mahali fulani nikiwa na uhakika na vina vyangu, na likarudishwa likiwa na mistari myekundu kwenye beti tatu. Walikuwa sahihi. Tangu siku ile vina vya sauti hizo navikagua kwa macho, herufi kwa herufi, wala siviachii masikio.

Soma shairi lako kwa sauti ukiwa umesimama. Mshororo wa mizani 16 ni karibu pumzi moja ya kijana. Kwa mzee ni pumzi mbili, na mapokeo yamekwisha kukuandalia mahali pa kupumzikia, pale kati ya ukwapi na utao. Ukijikuta unapumua katikati ya kipande, kipande hicho kimejengwa vibaya, hata kama hesabu yake imetimia. Andika kwa herufi kubwa, mstari mmoja ukiruka mmoja, mwanga ukitoka upande usio wa mkono unaoandikia ili kivuli kisikalie maneno. Mkono ukikataa kabisa, zungumza kwenye kinasa sauti cha simu, ila uandike kabla siku haijaisha, maana sauti iliyorekodiwa ina mbwembwe zinazoficha mshororo dhaifu.

Kisha mpe mtu akusomee, na wewe unyamaze. Msomaji bora ni kijana asiyekuogopa. Mimi nina mjukuu wa miaka 16, naye ndiye aliyeurekebisha ule ubeti wa sindano. Mshororo wa tatu ulikuwa umeishia «macho nayo hayawezi», mizani 8, kina salama. Akausoma mara mbili, akasema, «Babu, samahani, mbona macho tulishayajua? Tundu likikukataa mstari wa kwanza, si ndiyo macho hayo?» Nikamwambia hiyo ni kusisitiza. Akaniuliza, «Sasa ulikuwa umekaa wapi, Babu, gizani?» Nikamjibu kwamba nilikuwa dirishani na mwanga wote ulikuwa mbele yangu. «Basi hilo ndilo la ajabu,» akasema, akarudi kwenye simu yake. Nilikaa kimya kwa muda, kisha nikaandika «mwanga u mbele u wazi». Mahali anapokwama msomaji wako, au anapouliza swali, tia alama ya penseli papo hapo bila kujitetea. Mimi nilijitetea, kama ulivyosikia, na ilinigharimu dakika nne za kiburi.

Maombolezo, na mashairi ya zamani

Ukifikia umri huu utaombwa tungo za msiba mara nyingi kuliko za harusi. Usikatae, ila usimsifu marehemu kwa sifa zinazomfaa kila marehemu, kwamba alikuwa mpole, mcheshi, mwenye busara na mpenda watu. Waulize jamaa zake jambo moja alilokuwa akilifanya kwa mikono yake kila siku: alivyokunja gazeti, alivyogonga mlango, wimbo aliokuwa akiumung'unya akipiga pasi. Jambo hilo likae katika mshororo wa kwanza, na watu wataitikia kwa kilio ambacho sifa kumi zisingekitoa.

Mashairi yako ya ujanani usiyatengeneze. Sahihisha tahajia, tia tarehe, yaache. Aliyeyatunga ni mtu mwingine, naye hayupo kujieleza.

Yale mapya yape tarehe kamili na umri wako siku hiyo, kisha yafungie kwa siku 30 kabla ya kuyasoma tena. Nimewahi kuambiwa kwamba mtu wa miaka 74 hana siku 30 za kupoteza, lakini shairi lililoiva nusu nalo ni hasara. Mwambie mtu mmoja katika familia daftari linakaa wapi, na kurasa zipi zimekamilika. Tia alama kwenye pembe ya ukurasa ambao umeridhika nao, ili wasije wakachapisha rasimu zako wakidhani ni wasia.

Ule ubeti wa sindano nao ulikaa siku zake 30. Nilipoufungua sikubadilisha neno, isipokuwa niliufuta mkato mmoja. Shati la bluu nimelivaa leo. Kifungo cha pili kimekaa upande kidogo, na uzi nilioutumia ni mweusi.